Outlook Imegoma: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo cha Hitilafu za Barua Pepe na Programu za Ofisi

Katika ofisi nyingi taarifa ya hitilafu huja kwa maneno mawili tu: barua haziendi. Nyuma ya maneno hayo panaweza kuwa na bando lililokwisha, saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka kadhaa, sanduku lililojaa, nywila iliyobadilishwa, domeni (jina la ofisi linalofuata alama ya @ kwenye anwani) ambayo haikulipiwa au faili la data lililoharibika, na kila kimojawapo kina dawa yake isiyofaa kwa vingine. Mwenye haraka hufuta akaunti kwenye Outlook na kuiweka upya, au huondoa Office nzima na kuisakinisha tena. Hatua ya pili kwa kawaida hupoteza muda tu, lakini ya kwanza inaweza kupoteza barua za miaka mingi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kutafuta chanzo, na hatua zenye hatari zimewekwa mwishoni kwa makusudi.

Maelezo yanahusu zaidi Outlook ya zamani ya Windows, ile yenye "Office Account" ndani ya menyu ya "File" iliyo kwenye kona ya juu kushoto, kwa sababu ndiyo inayotumika kwenye ofisi nyingi na ndiyo yenye matatizo mengi. Outlook mpya, inayowashwa kwa swichi ya "New Outlook" kwenye kona ya juu kulia, ina mipangilio tofauti. Ikiwa programu yako imebadilika sura ghafla na vitu ulivyovizoea havionekani, kagua kwanza kama kuna mtu aliyegusa swichi hiyo.

Anzia kwenye kivinjari

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua Chrome, Edge au Firefox na uingie kwenye sanduku lako kwa njia ya wavuti. Wenye Microsoft 365 huingia kupitia outlook.office.com, wenye Gmail kupitia mail.google.com, na ofisi ambazo barua zao zimehifadhiwa na kampuni ya kupangisha tovuti kwa kawaida huandika domeni yao ikifuatiwa na /webmail. Ukishaingia, jitumie barua wewe mwenyewe, kisha tuma nyingine kwenye anwani iliyo nje ya ofisi, na uombe mtu wa nje akujibu.

Jaribio hili ndilo lenye thamani kuliko yote katika mwongozo huu, kwa sababu linaligawa tatizo katika nusu mbili. Ikiwa barua zinakwenda na kurudi vizuri kwenye kivinjari, akaunti na seva (kompyuta ya mtoa huduma inayohifadhi na kupeleka barua) ni nzima, na ugonjwa uko ndani ya kompyuta yako. Ikiwa kivinjari nacho kimeshindwa, iache Outlook kama ilivyo, kwa sababu hakuna kitufe ndani yake kitakachotibu hitilafu iliyoko kwenye seva.

Kivinjari kikishindwa, angalia mambo matatu kwa mfuatano huu. La kwanza ni nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na ndiyo maana video za harusi zilizopakiwa kutoka kwenye simu ya mkurugenzi zinaweza kuzuia ankara ya mteja isiingie. La pili ni nywila, hasa kama akaunti inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja na mmoja wao ameibadilisha bila kuwaambia wenzake. La tatu ni domeni yenyewe: ikiwa watumishi wote hawapati barua na tovuti ya ofisi nayo haifunguki, uliza kama ada ya mwaka ya domeni na ya kupangisha imelipwa. Aghalabu ankara ya ada hiyo hutumwa kwa mtu aliyesajili domeni miaka iliyopita, ambaye huenda alishaacha kazi.

Mtandao na saa

Modemu na ruta huendelea kuonyesha kuwa umeunganishwa hata bando likiisha, kwa hiyo alama ya Wi-Fi si ushahidi wa chochote. Fungua tovuti ambayo hukuifungua siku hiyo, maana kurasa ulizozitembelea asubuhi zinaweza kuonekana kutokana na kumbukumbu ya kivinjari. Kwenye hoteli na kumbi za mikutano, mtandao hauruhusu Outlook ipite mpaka uwe umejaza ukurasa wa kuingia kwenye kivinjari.

Kama intaneti ipo na barua kwenye kivinjari zinafanya kazi, lakini Outlook inatoa kosa namba 0x800CCC0E au 0x800CCC0F, maana yake ni kwamba programu imeshindwa kuifikia seva au mawasiliano yamekatika katikati. Zima Wi-Fi ya ofisi, washa intaneti ya simu, unganisha kompyuta na ujaribu tena. Ikikubali kwa simu, mtandao wa ofisi ndio unaoziba njia; ikigoma hata kwa simu, huenda ni antivairasi ya kompyuta. Njia hizo huitwa poti: 993 kwa kupokea kwa IMAP (njia inayoacha barua kwenye seva) yenye usimbaji, 995 kwa POP (njia inayozipakua kwenye kompyuta), na 587 au 465 kwa kutuma. Poti 25, ambayo bado imeandikwa kwenye karatasi nyingi za maelekezo ya zamani, huzibwa na watoa huduma wengi wa intaneti ili kuzuia barua taka, na akaunti iliyowekewa poti hiyo inaweza kutuma vizuri ikiwa nyumbani na kushindwa ikiwa ofisini. Rekebisha kwa kwenda "File", kisha "Account Settings", chagua "Server Settings", na uweke 587 pamoja na usimbaji wa STARTTLS, au 465 pamoja na SSL/TLS, kadiri mwenye seva alivyoelekeza.

Saa inastahili kutajwa peke yake, kwani wengi hawaifikirii. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, kwa kawaida aina ya CR2032, inayotunza saa umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta huamka ikiwa kwenye tarehe ya miaka ya nyuma. Seva za barua hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kuwa ni mwaka 2015 itakikataa cheti cha leo kwa hoja kwamba bado hakijaanza kutumika. Dalili yake ni onyo la cheti kwenye Outlook na kwenye karibu kila tovuti kwa wakati mmoja. Fungua mipangilio ya tarehe ya Windows, hakikisha saa za eneo ni UTC+03:00 Nairobi kwa walio Tanzania, Kenya na Uganda, kisha bofya "Sync now". Betri yenyewe ni ya bei ndogo na fundi huibadilisha kwa muda mfupi.

Onyo la cheti likitokea kwenye Outlook pekee, likiwa na maneno "The target principal name is incorrect", saa haihusiki. Hapo jina la seva uliloandika halifanani na jina lililo kwenye cheti, jambo la kawaida kwa domeni zilizopangishwa kwenye seva inayotumiwa na wateja wengi. Usizoee kubofya "Yes" kila asubuhi. Omba kampuni ya kupangisha ikupe jina sahihi la seva, ulibadilishe mara moja.

Soma ukanda wa chini

Kwenye kona ya chini kulia ya dirisha la Outlook kuna maandishi madogo ambayo watu hukaa nayo miaka bila kuyasoma. "Working Offline" maana yake ni kwamba kuna mtu aliyeiambia programu isiwasiliane na seva. Nenda kwenye kichupo cha "Send/Receive" na ubofye "Work Offline" mara moja ili kuiondoa. Kitufe hiki hubofywa kwa bahati mbaya mara nyingi mno, na ningependa kila fundi akikague kabla hajafungua begi lake. "Disconnected" na "Trying to connect" zinakurudisha kwenye mtandao na seva. "Need Password" inakupeleka kwenye nywila.

Nywila inayoombwa kila mara

Kisanduku cha nywila kinachorudi hata baada ya kuandika nywila sahihi kina sababu kuu mbili. Ya kwanza ni nywila ya zamani iliyohifadhiwa na Windows. Funga Outlook, fungua "Control Panel", ingia "Credential Manager", chagua "Windows Credentials", na uondoe maingizo yanayoanza na MicrosoftOffice16 pamoja na yale yenye jina la seva yako ya barua. Ukiifungua Outlook tena itauliza nywila upya. Andika ile uliyothibitisha kwenye kivinjari.

Sababu ya pili ni kwamba watoa huduma wakubwa wameacha kukubali nywila ya kawaida kutoka kwenye programu za zamani. Google iliifunga njia hiyo kwa akaunti za kawaida kuanzia tarehe 30 Mei 2022, Microsoft ikaanza kuizima kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua za ofisi, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022, na kwenye anwani binafsi za Outlook.com na Hotmail ikafuata tarehe 16 Septemba 2024. Kama Outlook yako ni ya toleo la kisasa, ondoa akaunti ya Gmail iliyowekwa kwa mkono na uiongeze tena kwa kuandika anwani tu, ili dirisha la Google lenyewe lifunguke na kukuomba ruhusa. Kwa kuwa Gmail ya IMAP hutunza barua kwenye seva, zitashuka tena. Kama toleo ni la zamani na halina dirisha hilo, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha tengeneza nywila ya programu, ambayo ni herufi 16 zinazoandikwa mahali pa nywila yako ya kawaida. Nywila hiyo huonyeshwa mara moja tu.

Barua iliyokwama kwenye Outbox

Mara nyingi barua hukwama kwa sababu kiambatisho ni kikubwa. Kwa akaunti za IMAP na POP, Outlook yenyewe ina kikomo cha MB 20, na Gmail hairuhusu kutuma zaidi ya MB 25. Kumbuka pia kwamba kiambatisho hubadilishwa muundo kinaposafiri na huongezeka kwa takribani theluthi moja, hivyo faili la MB 20 linaweza kukataliwa na seva yenye kikomo cha MB 25.

Kuiondoa barua iliyokwama fuata hatua hizi:

1. Bofya "Work Offline" ili Outlook iache kujaribu kuituma, kwani barua inayotumwa haikubali kufutwa.
2. Subiri kidogo, ingia "Outbox", na uiburute barua hiyo hadi "Drafts". Ikikataa, funga Outlook, hakikisha kwenye "Task Manager" kwamba haiendelei kufanya kazi chinichini, ifungue tena na urudie.
3. Punguza kiambatisho, au kiweke OneDrive au Google Drive na utume kiungo.
4. Bofya "Work Offline" tena ili kurudi mtandaoni, kisha utume.

Mkataba uliopigwa skana kwa rangi kwa dpi 600 huwa mzito bila sababu. Dpi 200 au 300 kwa nyeusi na nyeupe zinatosha kusomeka na kuchapishwa. Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba ukiifungua barua iliyoko "Outbox" ili kuitazama tu, kisha ukaifunga, Outlook huihesabu kama rasimu na haitaituma tena. Utaiona imepoteza mwandiko wa mlazo. Ifungue na ubofye "Send" upya.

Barua iliyorudi

Taarifa ya kurudi kwa barua ni ndefu na inatisha, lakini unachohitaji ni namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Namba inayoanza na 4 ni kikwazo cha muda: seva inasema ijaribiwe baadaye, na kwa kawaida hufanya hivyo yenyewe bila wewe kufanya lolote. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, na kuituma tena barua ileile hakutasaidia.

Mfano wa mstari utakaouona ni "550 5.1.1", maana yake anwani hiyo haipo. Linganisha herufi kwa herufi, kwani anwani yenye kosa hukaa kwenye orodha inayojitokeza unapoanza kuandika na itakurudia kila siku mpaka uifute kwa alama ya X iliyo pembeni yake. "5.2.2" ni sanduku la mpokeaji limejaa; mpigie simu. "5.7.1" na jamaa zake ni suala la ruhusa au uaminifu: seva ya mpokeaji haikuamini. Hapo mara nyingi kosa huwa kwenye rekodi za domeni yenu zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC, ambazo huiambia dunia ni seva zipi zina haki ya kutuma barua kwa jina lenu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti ya rekodi hizo, na ofisi ambayo barua zake zilikuwa zikifika bila shida ikajikuta kwenye folda ya barua taka. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuzirekebisha. Peleka taarifa nzima iliyorudi, bila kuikata, kwa anayesimamia domeni.

Outlook haifunguki au inaganda

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika outlook.exe /safe, kisha bonyeza Enter. Hii huifungua Outlook bila viongezi, yaani programu ndogo za antivairasi, za mikutano ya video au za kutengeneza PDF zilizojipachika ndani yake. Ikifunguka vizuri, mhalifu ni mmoja wa viongezi hivyo. Ingia "File", "Options", "Add-ins", chini kabisa chagua "COM Add-ins" na ubofye "Go", ondoa alama zote, kisha ufunge na kuifungua kwa njia ya kawaida. Rudisha kimoja kimoja hadi ukipate kinachoigandisha.

Ikishindwa kufunguka hata kwa njia hiyo, tengeneza profaili mpya, yaani mkusanyiko mpya wa mipangilio ya akaunti zako. Ingia "Control Panel", fungua "Mail", bofya "Show Profiles", kisha "Add", ipe jina, weka akaunti, na uchague programu ikuulize ni profaili ipi itumike. Profaili ya zamani usiifute mpaka ujiridhishe kwamba barua zote, anwani na kalenda vimeonekana kwenye mpya.

Faili la data: hapa pana hatari

Kabla ya kufika hapa, fahamu akaunti yako ni ya aina gani. Ingia "Account Settings" na usome safu ya "Type". Akaunti ya Exchange, Microsoft 365 au IMAP hutunza barua kwenye seva, na kompyuta hubaki na nakala katika faili lenye kiendelezi cha .ost. Akaunti ya POP ni kinyume chake: hupakua barua na kuziweka kwenye faili la .pst, na kulingana na mpangilio huzifuta kwenye seva papo hapo au baada ya siku kadhaa. Mwenye POP akifuta faili la .pst, au akipeleka kompyuta kwa fundi anayefuta diski bila kuuliza, hakuna mahali pengine barua zake zilipo.

Matoleo kuanzia Outlook 2010 yana kikomo cha GB 50 kwa faili moja, ingawa uzito huanza kuhisiwa mapema, hasa kwenye kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka. Umeme unaokatika Outlook ikiwa wazi ndio adui mkuu wa faili hizi katika mazingira yetu.

Kwa faili la .pst lililoharibika, ingia "Account Settings", kichupo cha "Data Files", chagua faili na ubofye "Open File Location" ili ulione mahali lilipo. Funga Outlook, kisha nakili faili hilo kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote lingine. Baada ya hapo tafuta programu ya SCANPST.EXE, ambayo kwa matoleo ya sasa hupatikana ndani ya Program Files, kwenye Microsoft Office\root\Office16. Ifungue, chagua faili, bofya "Start", acha alama ya kutengeneza nakala ya akiba, kisha bofya "Repair". Faili kubwa linaweza kuchukua saa kadhaa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS (kifaa cha umeme wa akiba), na kompyuta mpakato iwe kwenye chaji. Rudia ukaguzi mpaka programu iseme haioni kosa, kwa kuwa mzunguko mmoja mara nyingi hautoshi.

Kwa faili la .ost mambo ni mepesi zaidi: funga Outlook, libadilishe jina kwa kuongeza neno "zamani" mwishoni, fungua Outlook, nayo italijenga upya kutoka kwenye seva. Mzigo wake ni bando, kwani sanduku la GB 10 litashuka GB 10. Lakini kuna mtego kwa wenye IMAP. Kalenda na anwani za akaunti hiyo huandikwa "This computer only", maana yake haziko kwenye seva. Zihamishe kwanza kwa "File", "Open & Export", "Import/Export", na uchague kuzitoa kwenye faili la .pst.

Barua zinazoingia kisha kutoweka

Dalili hii niipe uzito wake, maana mara nyingine si hitilafu bali ni wizi. Mhalifu aliyepata nywila ya mhasibu huwa hana haja ya kubadilisha chochote kinachoonekana. Huingia kwa kivinjari, huweka kanuni inayopeleka kila barua yenye neno "invoice" au "payment" kwenye folda isiyofunguliwa na mtu, kama vile "RSS Feeds", na husoma mazungumzo mpaka malipo yakaribie. Kisha humwandikia mteja kutoka kwenye anwani halisi ya ofisi akimwambia namba ya akaunti ya benki imebadilika.

Kwa hiyo, mtu akisema barua za mteja fulani hazionekani, ingia kwenye wavuti, fungua mipangilio, na usome kila kanuni chini ya "Rules" na kila anwani chini ya "Forwarding". Kwenye Gmail tazama "Filters and Blocked Addresses". Ukikuta kanuni ambayo hakuna aliyeiweka, piga picha ya skrini, badilisha nywila ukiwa kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, futa kanuni hiyo, na siku hiyohiyo wapigie simu wateja wenye malipo yanayosubiri. Badiliko la akaunti ya benki lithibitishwe kwa simu kupitia namba mliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Word na Excel

Kwa Word nitakuwa mfupi. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, fungua Word, ingia "File", "Info", "Manage Document", kisha "Recover Unsaved Documents". Kwa kawaida Word hujiwekea nakala ya uokoaji kila baada ya dakika 10. Ipunguze iwe dakika 2 kwenye "Options", "Save". Swichi ya "AutoSave" iliyo juu hufanya kazi kwa faili zilizoko OneDrive au SharePoint tu. Waraka ukisema umefungwa na mtumiaji mwingine wakati hakuna aliyeufungua, onyesha faili zilizofichwa kwenye folda hiyo na ufute faili dogo linaloanza na ~$ lenye jina la waraka huo, baada ya kuuliza ofisi nzima kama kweli hakuna aliyeufungua.

Excel ina hatari nyingine, ambayo ni kuharibu taarifa kimyakimya bila kutoa onyo. Hutunza tarakimu 15 tu za namba, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Ukiiandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri, na ukishahifadhi hazirudi. Namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 itaonekana kama 9.9E+11 ingawa imo salama, na namba ya simu itapoteza sifuri ya mbele. Dawa ni kuiteua safu nzima na kuibadilisha kuwa "Text" kabla ya kuandika au kubandika chochote. Kuibadilisha baadaye hakurudishi kilichopotea.

Tarehe nazo zinadanganya. Kompyuta iliyowekewa mtindo wa Marekani huisoma 03/04/2025 kama tarehe 4 Machi, ilhali 25/04/2025 huishindwa na kuiacha kama maandishi yaliyoegemea kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo nyingine zimeegemea kulia na nyingine kushoto, usiiamini hata ile iliyoonekana sahihi. Badilisha mtindo wa eneo kwenye Windows uwe wa Uingereza, kisha ingiza tarehe hizo upya kutoka kwenye chanzo.

Wanaopokea faili za CSV (majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu) kutoka ofisi za Bujumbura au Bukavu, ambako Windows imewekwa kwa mtindo wa Kifaransa, hukuta kila kitu kimerundikana kwenye safu moja, kwa sababu kule kitenganishi ni nukta mkato na desimali huandikwa kwa mkato. Usilifungue faili hilo kwa kulibofya. Tumia kichupo cha "Data", "From Text/CSV", na uchague kitenganishi sahihi.

Na jumla isiyobadilika hata namba zikibadilika? Ingia "Formulas", "Calculation Options", uchague "Automatic". Mpangilio huo hurithiwa kutoka kwenye faili la kwanza ulilofungua siku hiyo, kwa hiyo faili moja lililotoka kwa mwenzako linaweza kuzizuia fomula za mengine yote.

Kukarabati Office, na kumwita fundi

Programu zote zikiyumba kwa pamoja, ingia mipangilio ya Windows, orodha ya programu, tafuta Microsoft 365 au Office, bofya "Modify" na uchague "Quick Repair", ambayo haihitaji intaneti. Ikishindwa, "Online Repair" huiweka Office upya kabisa na hula bando kubwa; hakikisha kwanza unaifahamu akaunti au namba ya leseni iliyotumika, la sivyo utabaki na Office isiyo na leseni. Office iliyofunguliwa kwa programu za wizi haistahili muda wa kukarabatiwa, maana huwezi kujua kimeingizwa nini ndani yake. Office 2016 na 2019, sawa na Windows 10, zilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo baadhi ya hitilafu zake hazitarekebishwa tena.

Unapomwita fundi, mpe picha ya skrini yenye namba ya kosa, aina ya akaunti, toleo lililoandikwa kwenye "File", "Office Account", matokeo ya jaribio la kivinjari na la intaneti ya simu, saa tatizo lilipoanza, na orodha ya yale uliyokwisha kuyagusa. Kama akaunti ni ya POP, mwambie hivyo kabla hajaketi kwenye kiti.